Mtu wa Kukaa Nami

Misunkumilo, Mpanda
4 Februari 2024

Mwanangu mpendwa Eufrazia,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ni magoti tu yanagoma asubuhi. Natumaini na wewe u mzima huko Mwanza na kazi yako ya uuguzi. Barua nampa dereva wa basi, maana kwenye simu nasikia nusu na nusu najibu kwa kubahatisha.

Nina jambo, usinicheke. Nataka kupasuliwa kope. Madaktari wa macho watapiga kambi hapa mjini mwezi wa nne. Ngozi ya juu ya macho imenilegea mpaka kwaya nzima inaamini nalala kanisani. Padri keshaniambia, "Mzee Severini, amka tuimbe," na mimi nilikuwa macho kabisa! Nawe ulipotumiwa picha za arobaini ya mama yako ulisema, "Baba, umezeeka." Nataka siku ukija unikute na sura nzuri. Niambie, nijue nini kabla ya kisu?

Ni mimi baba yako,
Severini


Mwanza
22 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, zamu tu zinanichosha. Nimecheka kidogo, nisamehe.

Kope zikikuzuia kuona, upasuaji husaidia. Kama ni sura tu, bado ni upasuaji. Kwanza wakupime macho, hasa kama huwa yanakauka na kuwasha. Watajie dawa zote unazomeza, hata aspirini ya magoti na ile mizizi ya baba mdogo Pontien, maana nyingine zinafanya damu isikatike upesi. Usiache dawa yoyote mpaka daktari aseme. Utavimba na kuvilia damu kama wiki mbili. Wengine macho hayafumbi vizuri kwa muda. Ukiumwa sana au kuona kukififia, rudi hospitali saa ileile. Na usitegemee kutoka kijana, baba. Wanakata ngozi, huzuni hawaigusi.

Tena lazima awepo mtu wa kukurudisha nyumbani na kukaa nawe siku za kwanza, akutie matone na kukuwekea kitambaa cha baridi. Nani atakaa nawe?

Mwanao,
Eufrazia


Misunkumilo
17 Machi 2024

Mwanangu Eufrazia,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa. Jirani yetu Bartolomeo atakaa nami, kashakubali, na uji anajua kupika kuliko mimi. Mizizi ya Pontien nitaitaja. Usihangaike kuomba ruhusa, kazi za watu nazijua.

Baba yako,
Severini


Misunkumilo
9 Juni 2024

Mwanangu Eufrazia,

Salamu. Umeniandikia mara mbili sikujibu. Nisamehe, ni aibu.

Bartolomeo alihamia Mwese kwa mwanawe tangu Oktoba. Nyumba yake ina kufuli. Nilikudanganya.

Siku ya kope nilivaa koti la Jumapili nikaenda na bajaji. Benchi zima watu walikaa wawili wawili. Muuguzi akanipa fomu, niandike jina la mtu atakayekaa na mgonjwa, na namba yake. Niliandika bila kufikiri, mkono umezoea miaka thelathini na nne: Scola, na namba. Akapiga palepale. Simu ya mama yako ikaita ndani ya koti langu. Aliyeisikia ni muuguzi, si mimi.

Naichaji kila siku, Eufrazia. Naitia vocha ili namba isifungwe.

Muuguzi hakucheka. Alisema nirudi nikiwa na mtu. Daktari naye aliniangalia, akasema kope hazizuii kuona, zinaweza kusubiri. Ni kweli, naona vizuri. Naona nyumba nzima haina mtu, na nimechoka kuiangalia peke yangu.

Baba yako,
Severini


Mwanza
14 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha dawa, na nimelia mpaka mgonjwa akanipa pole.

Nilisema umezeeka kwa sababu niliogopa. Arobaini sikuja kwa sababu nilijua nikibisha hodi mama hatatoka jikoni. Zamu zilikuwa kisingizio. Na mimi nilikudanganya, baba.

Nimepewa likizo. Naondoka Jumatano, Alhamisi nitakuwa Mpanda. Habari za kope tutaongea nikishafika. Ukitaka bado kupasuliwa, kwenye fomu andika jina langu.

Simu ya mama usiizime. Nikishuka stendi nitapiga namba hiyo. Vaa koti, na mkono uwe mfukoni, juu ya simu.

Mwanao,
Eufrazia