Baba, Pima Karatasi ya Talaka kwa Uzi Huu

Kilwa Masoko,
Jumamosi.

Baba yangu,

Shikamoo. Najua utaitika marahaba hata kama moyo wako bado mzito juu yangu, kwa hiyo nimeshaipokea na ninaendelea. Goti linakuruhusu kufika msikitini? Kifua cha Mama kimetulia? Na mikorosho ya bondeni, mmeshaipuliza salfa au bado mnasubiri maua? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani huwekwa sauti ya juu ili kila mtu asikie, na haya nataka uyasome wewe kwanza. Tena ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja ya majaribio kutoka kazini kwetu na kipande cha uzi mweusi. Tafadhali usiutupe huo uzi. Nitaueleza.

Siku shemeji yangu Hamisi, ndugu wa marehemu mume wangu, alipokuja Kilangala kukukabidhi ile karatasi ya talaka, ulinipigia ukaniambia, "Mwanangu, karatasi nimeipokea. Tulia." Nilitulia, Baba. Lakini hilo neno "nimeipokea" lilinikaa kooni. Wewe ndiye uliyeniozesha kwa Selemani. Nikaona kama hata wewe umeipokea, basi sina tena pa kwenda kusema.

Karatasi hiyo mimi niliiona mara moja tu, kabla haijaletwa kwako. Hamisi aliisoma mbele ya wazee wa kwao siku ya tatu tangu nitoke eda, kisha akanipa niishike. Juu ina Bismillahi ya rangi ya kijani, chini ina saini inayofanana na ya Selemani. Ni ya talaka tatu, na tarehe yake ni ya kabla ya Ramadhani. Maana yake ni kwamba mwezi mzima nilimpikia futari mwanamume aliyekwisha kuniacha, na alipofariki Mfungo Pili sikuwa mjane wake, na miezi minne na siku kumi niliyokaa ndani nilikuwa namkalia mtu baki.

Nilimchukia marehemu, Baba. Mungu anisamehe. Kofia yake niliitoa kwenye msumari nikaitia sandukuni, na Ijumaa tatu sikumsomea Yasini. Alhamisi yake ya mwisho aliniomba nimkate kucha kwa ajili ya Ijumaa. Nikamaliza mkono wa kulia, wa kushoto akasema tuuache, amechoka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikawa najiuliza aliwezaje kunipa mkono wake nimkate kucha na huku ameshaniandikia.

Sasa nivumilie nikueleze habari za kazini, maana huko ndiko jambo lilikojificha. Pale steshenari tuna printa ya rangi. Haitumii wino wa maji, inatumia unga laini kuliko poda, tunauita tona: mweusi, wa buluu, mwekundu na wa njano. Kila rangi ina silinda yake inayong'aa, iitwayo dramu, ambayo huzunguka na kuuweka unga kwenye karatasi. Rangi ikififia upande mmoja, unatoa katriji unaitikisa taratibu. Karatasi ikitoka na vumbi, unafuta ndani kwa kitambaa kikavu. Lakini ukiona nukta inajirudia kwa umbali ule ule kutoka juu hadi chini, ujue dramu ina jeraha. Kila inapomaliza mzunguko inaacha alama, na hapo hakuna dawa ila kuibadilisha.

Unga huo ukishika nguo unafuliwa kwa maji baridi, ya moto yanaugandisha. Selemani alikuwa ananifulia khanga zangu za kazini mwenyewe, pale uani. Majirani wakimcheka, "Bwana Selemani, leo zamu yako?" anawajibu, "Nikimwachia huyu ataweka maji ya moto." Na mimi ndiye niliyemfundisha habari ya maji baridi.

Nilipokuwa eda, dukani alibaki Zuhura peke yake. Unamkumbuka, ni yule shoga yangu aliyekuja nami Kilangala harusi ya kaka, akalala chumba cha Bibi. Hazikupita siku mbili bila kuja kunitazama. Mwezi wa pili wa eda akaja na karatasi zenye michirizi.

"Shoga, nimeharibu," akaniambia. "Karatasi ilikwama, nikaichokoa kwa kisu."

"Kwa kisu, Zuhura?"

"Cha matunda. Si kikubwa."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamwambia achape ukurasa wa kila rangi peke yake. Kesho yake akaniletea. Mweusi safi, buluu safi, njano safi. Mwekundu ulikuwa na mstari mwembamba kama unywele upande wa kushoto, na juu ya mstari huo nukta ndogo kama punje ya ufuta, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi. Nikamwambia dramu nyekundu imekwaruzwa. Tajiri wetu, Bhai Murtaza, akaagiza nyingine Dar es Salaam, ikachelewa sana, ikafungwa siku nne kabla sijatoka ndani. Kwa hiyo alama ile ilizaliwa nikiwa eda na ikafa nikiwa eda. Kabla ya hapo haikuwepo, na sasa haipo.

Zile karatasi sikuzitupa. Unanijua, wewe ndiye uliyekuwa ukisema Somoe anatunza hata ganda la pipi. Nilizitandika ndani ya sanduku langu la nguo, chini kabisa.

Jumatano nilifungua sanduku nitoe kofia ya Selemani, nimpelekee Hamisi pamoja na nguo nyingine za marehemu. Sikutaka tena vitu vyake mle ndani. Nilipoinyanyua nikauona ule mstari na nukta zake. Hapo nikakumbuka ile talaka nilivyoishika mbele ya wazee. Pembeni ya jina la Selemani palikuwa na nukta nyekundu, nami nilidhani ni wino wa muhuri. Chini yake palikuwa na nyingine. Kushoto mstari ulishuka mpaka kwenye saini. Macho yangu yaliuona siku ile, Baba, ila akili ilikuwa inalia. Karatasi ya kabla ya Ramadhani ina jeraha la kisu kilichoingia mwezi wa pili baada ya Selemani kuzikwa.

Nilikaa chini pale pale na kofia mkononi.

Asubuhi yake nikamkuta Zuhura anabana madaftari ya wanafunzi.

"Shoga," nikamwambia, "karatasi ya Hamisi uliichapa wewe?"

"Karatasi gani?"

"Talaka yangu."

Akaendelea kubana. "Steshenari tunachapa, Somoe. Hatusomi."

"Hii hukuletewa ikiwa tayari. Ile Bismillahi ya kijani ni mtindo wako, uliandika kwa vidole vyako. Mtu anaandikaje bila kusoma?"

Akaacha kubana. "Alisema marehemu alishatamka kwa mdomo, yamebaki maandishi tu. Nikaona ni mambo ya nyumba yenu."

"Na tarehe?"

"Alinitajia."

"Siku hiyo ulikuja kwangu?"

"Nilikuja. Nilikuletea supu ya pweza."

"Ukakaa mpaka nikaimaliza."

"Ulikuwa huli, shoga. Ningekuachaje?"

Nalirudia hilo jibu tangu juzi. Kama angeniambia alikuwa ananichukia ningejua pa kumweka. Lakini supu ilikuwa ya kweli, na karatasi nayo aliiandika yeye, siku ile ile. Alinitazama nikitoka ndani, akanisaidia kuoga na kuvaa, akijua Hamisi atakuja na nini. Sikumtukana. Nilivaa ushungi wangu nikaenda kwa Bhai Murtaza.

Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akaenda stoo, akarudi na ile dramu ya zamani imefungwa kwenye gazeti, maana kwake kitu hakitupwi. "Mashine haina shemeji, Somoe," akasema. "Nitasema nilichoagiza na lini nimekifunga." Ameahidi kuja mbele ya sheikh Alhamisi, wazee watakapokaa kuamua kama mimi ni mjane wa kurithi au niliachwa, nisipate kitu. Zuhura nimemwomba aje pia. Hajanijibu.

Kilichobaki kipo mikononi mwako. Hamisi alikuachia wewe karatasi yenyewe, kwa heshima, akijua haitarudi mbele ya macho yangu. Sasa nasikia Jumanne anakuja kuichukua, ndiyo maana bahasha hii nimeituma kwa basi. Baba, usimpe, asije akaipoteza au akachapisha nyingine. Kabla hajafika, vaa miwani yako, ukae barazani penye mwanga, uitandike hiyo talaka kando ya hii karatasi niliyokuletea. Tazama mstari wa kushoto. Kisha chukua uzi. Nimeukata sawa na nafasi ya nukta moja hadi nyingine kwenye karatasi yangu. Upime kwenye ya Hamisi. Ukiona haulingani, mpe karatasi yake, nami sitalitaja tena jambo hili. Ukilingana, njoo nayo mwenyewe, au mpe kaka Bakari apande nayo basi la Jumatano.

Sina hasira na wewe. Nakumbuka siku ya ndoa ulivyomshika Selemani mkono, ukakawia kuuachia hadi sheikh akacheka. Nataka mkono ule ule uishike hiyo karatasi.

Nisalimie Mama, umwambie kikohozi asikifiche. Nisalimie Bibi, na mkaza mjomba aliyenitumia ufuta. Kaka Bakari mwambie namtegemea. Mama mdogo wa Rasbura akipita hapo, mwambie anisomee dua, sababu atazijua baadaye.

Kofia nimeirudisha kwenye msumari, na jana nimemsomea Yasini za Ijumaa zote tatu nilizomnyima.

Ni mimi binti yako,
Somoe,
mjane wa Selemani.