Waya wa Milimita Sita

Siku ya kwanza ya juma, 3 Juni 1957. Kasongo
Mapembe imeanza kazi. Ndilo jina watu wa izini, kiwanda chetu cha pamba, wameipa mashini mupya ya kuinua bale za pamba—sababu ya vyuma vyake viwili vya mbele. Haitumii petroli, inatembea na batri. Cheche za petroli na pamba hazilali nyumba moja. Vizuri! Lakini batri lazima ijazwe, na mashini ya kuijaza ina kiburi. Bulaimu akiiwasha tu—ta! Disjontere ya ukutani, ile swichi inayojizima yenyewe, inakata kuran, umeme wote. Anairudisha. Ta! Leo mara tano. Wapakizi wakacheka. Bulaimu ndiye dereva, mutu wa Kabambare, hapendi kuchekwa.

Musiyu Gérard, mukubwa wa izini, alikuja akatazama kidogo. Akaniambia mimi, fundi wake wa umeme: Zéphirin, hii disjontere ya amperi ishirini na tano ni ndogo. Weka ile ya sitini iliyobaki kwa presi ya zamani ya kufunga bale. Nikajibu: Ndiyo, Musiyu.

Mbona nilijibu haraka hivyo?

Siku ya pili, 4 Juni
Sijaiweka ile ya sitini. Nilisema natafuta skurubu. Uongo mudogo.

Nilikaa na Bulaimu tangu saa moja mupaka saa sita, naangalia. Disjontere inakata palepale anapowasha, hata pumzi moja haipiti. Lakini ikishika, inashika! Saa tano nzima, kimya. Nikagusa waya: joto kidogo tu. Basi mashini ya kujaza haili kuran nyingi. Inavuta kwa nguvu pale mwanzo tu—kama mutu anayejitwika muzigo. Kuinua ndiko kunakoumiza shingo, kisha anatembea salama. Disjontere yetu si ndogo. Haina subira.

Na ule waya ni wa milimita sita. Tukiweka sitini, siku mashini itakapoharibika na kuvuta nyingi, waya utaungua kabla disjontere haijajua kitu. Watu wanafikiri disjontere inalinda mashini. Hapana. Inalinda waya. Na waya unapita juu ya pamba.

Siku ya tatu, 5 Juni
Nimeleta nyumbani karatasi ya mashini ya kujaza, ilikuwa ndani ya sanduku lake. Kifaransa kigumu. Emilienne, bibi yangu wa ndoa, anafundisha watoto kwa masista, ananipita kusoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mustari: disjontere ya ishirini na tano, ya kuchelewa. Akauliza: ya kuchelewa ni nini?

Nikapiga meza! Ndiyo hiyo! Ile inayovumilia mushtuko wa mwanzo, lakini kuran ikizidi na kuendelea, inakata.

Emilienne hakufurahi. Aliuliza: Utamwambia Muzungu amekosea? Nikakunja karatasi, nikaitia mufukoni.

Siku ya ine, 6 Juni
Nimemwambia Musiyu Gérard. Nilivua kofia, nikamupa karatasi. Akasoma—nusu, nadhani. Kisha: Nani alikutuma kusoma? Hiyo ya kuchelewa mupaka itoke Kindu, wiki tatu, kama iko. Pamba ya Kabambare inaingia siku ya posho, 8 Juni. Anaenda kule kuisimamia mwenyewe. Akirudi anataka kuona sitini ukutani. Sivyo, nilete buku yangu ya kazi, aandike amenifukuza.

Buku ya kazi! Miaka tisa imeandikwa ndani, ya hapa na ya machimboni kwanza.

Siku ya tano, 7 Juni
Bulaimu alinikuta na sitini mukononi. Nzito. Akasema, kama kwa kaka mukubwa: Weka tu, yaya. Wewe utafukuzwa, mimi nachekwa, sababu ya kitu kadogo hivi?

Nikamuonyesha waya, toka ukutani mupaka kwenye paa. Kisha nikamwambia habari ya Lusangi, ambayo sijaiandika popote. Mwaka wa hamsini na moja, huko machimboni, fundi aliniamuru nifunge fuzibu, inayokata kuran kama disjontere, kwa waya munene. Nikafunga. Nyumba ya pompi iliungua. Asani, aliyechunga pompi, alipoteza vidole vya mukono wa kuume. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hiyo ndiyo inaniuma—hakuna aliyeniuliza.

Bulaimu alitazama vidole vyake. Mwisho akasema: Basi nitawasha mara kumi. Hata ishirini. Wacheke.

Siku ya posho, 8 Juni
Kamio tatu za pamba toka Kabambare, vumbi jekundu mupaka kwenye kope za watu. Musiyu Gérard alishuka, hakunawa uso, moja kwa moja ukutani. Ishirini na tano iko pale! Maneno niliyoyapanga yote yakakimbia. Nilisema tu: Siwezi, Musiyu. Waya utaungua.

Wapakizi walikuwa wanasikia. Kosa langu! Ningengoja awe peke yake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akasema: Siku ya kwanza, 10 Juni, ni sikukuu, izini inafungwa. Basi nije ofisini siku ya pili, saa moja. Na buku.

Siku ya Mungu, 9 Juni. Pentekoste
Misa ndefu. Sikusikia mahubiri. Mangaribi nilikuta buku yangu mezani. Emilienne ameifuta vumbi.

Siku ya pili, 11 Juni
Ninaandika nje ya magazini, gala ya pamba, juu ya bale. Musiyu Gérard hakuwa ofisini. Nilimukuta mule ndani, peke yake, kifuniko cha disjontere ukutani kimefunguliwa. Sitini iko mezani, na bisibisi. Hakuuliza buku. Alishika waya, akaufuata kwa macho mupaka paa.

Akauliza: Ni milimita ngapi? Sita, Musiyu. Unavumilia amperi ngapi? Thelathini na tano. Kwa joto la hapa, thelathini. Nani aliagiza waya wa sita?

Nikatazama chini. Ni yeye, mwaka jana. Nadhani alikumbuka. Akasema: Ngoja nje.

Bulaimu amekuja, amekaa karibu.

Taa ya magazini imezimika. Anafanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Muzungu!

Taa imerudi.

Mashini ya kujaza inaunguruma. Disjontere haikukata! Imeshika mara ya kwanza. Bulaimu ananitazama. Ile ya ishirini na tano nayo hushika mara mojamoja... Sitini hushika kila mara. Ameacha ipi ukutani?

Musiyu hatoki. Bulaimu anasema: Yaya, amesema ungoje.

Hapana. Naingia nione—