Jibu Kuhusu Sahara

Uingereza,
Juni 1998

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa, Galbet, Garissa.

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na goti lako liwe limepata nafuu kwa kuwa matope ya ile mvua yamekauka. Vipi mbuzi waliobaki? Vipi Nasra, bado anakataa kuchanwa nywele na mtu yeyote isipokuwa wewe? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Huku sasa ni majira yao ya jua, lakini ni jua la kuangalia tu, halimpashi mtu joto.

Kabla sijaendelea nina neno kwa anayesoma. Shemeji Sahara, najua ni wewe uliyekaa karibu na Mama, unasoma Kiswahili changu na kukigeuza Kisomali, maana mimi na wewe shuleni tulifundishwa kuandika lugha hii na yetu tukaachiwa ya kusema tu. Leo jina lako litatajwa. Usiruke mahali. Soma kama nilivyoandika, hata ukiona vigumu.

Mama, katika barua yako uliniuliza mambo mawili. Moja ni kazi yangu, kwamba hawa wazungu wananishonesha nini. La pili ni lile kubwa. Nitaanza na hilo la kazi, kwa sababu lile kubwa nimelifikiria nikiwa nimesimama kwenye mashine, na siwezi kulieleza bila mashine.

Umesema ami yake Fatuma, Mzee Bare, anawachekesha watu hotelini kwamba mume wa Fatuma alivuka bahari kwenda kushona mikeka. Mwambie hakukosea sana. Fatuma naye alinitania hivyo kwenye simu mwaka jana. Alisema, "Niliolewa na fundi wa lori, sasa nasikia nina fundi wa mikeka ya kebed. Rudi basi unifunike nyumba, Mama amechoka." Akacheka peke yake mpaka nikasikia watu wa duka lenye simu wanamcheka yeye.

Lakini hatushoni, Mama, maana hatuna uzi. Tunapewa kitambaa cheusi cha nyuzinyuzi, kimekatwa vipande vyenye kona iliyopinda. Tunavipanga kwenye meza ya mashine mpaka vifanye duara lenye tundu katikati, kama kata ya kubebea mtungi kichwani, ila ni kubwa na bapa. Juu ya duara hilo unapanga jingine, na maungio ya juu yasilale juu ya maungio ya chini. Kisha ubao uliojaa sindano unashuka na kupanda, kwa haraka na kwa kelele. Sindano hizo hazina tundu. Ubavuni zina vijino vidogo sana, ukizishika unavihisi kuliko kuviona. Zikishuka, vile vijino vinakamata nyuzi za tabaka la juu na kuzipeleka mpaka ndani ya tabaka la chini. Zikipanda, nyuzi zinabaki huko.

Utauliza, kama hakuna uzi, ni kitu gani kinashika. Wewe unayeziponda nyuzi za gome za kusukia kebed kwa mikono yako utanielewa upesi kuliko Mzee Bare. Kinachoshika ni nyuzi za tabaka lenyewe. La juu limetoa kidogo cha mwili wake kikaingia katika la chini. Ukitaka kuyatenganisha baadaye itabidi uyachane yote mawili.

Kazi yangu hasa ni meza. Kila tukiongeza tabaka, meza lazima ishuke kidogo, kiasi cha unene wa lile tabaka jipya. Isiposhuka, sindano zinazama mno na kupiga tena yale ya chini ambayo yalikwisha kushikana. Yanapondeka yakawa kama pamba chafu. Kwa juu huoni kitu, unaona duara zuri. Maduara yakipangwa mpaka yafike unene wa kiganja, yanapelekwa kwenye kiwanda kingine chenye matanuri, huko yanakuwa magumu kama jiwe, na mwisho yanawekwa kwenye magurudumu ya ndege ili kuishika inapotua. Kwa hiyo ndege kubwa ikipita juu ya Galbet, mwambie Nasra inawezekana ndani yake kuna kazi ya baba yake. Si lazima iwe kweli. Wewe mwambie tu.

Sasa lile kubwa.

Mama, habari ya Fatuma ilinifikia wakati kaburi lake limekwisha kuota majani ya mvua. Barabara zilikuwa zimekatika, simu zimekatika, na homa ile ilikuwa inachukua watu na mifugo pamoja. Simlaumu mtu. Mlimwosha, mlimsalia, mlimzika siku ile ile kama inavyotakiwa, na mimi siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye meza napanga duara. Nimejaribu kukumbuka siku hiyo ilikuwaje huku, nilikula nini, nilicheka na nani. Sikumbuki hata kidogo. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Ninachokumbuka ni vitu vidogo ambavyo hakuna atakayeniuliza. Alikuwa hanywi chai mpaka itengeneze ngozi juu, kisha anaitoa ile ngozi kwa kidole na kumpa Nasra. Alikuwa anafunga karafuu moja kwenye ncha ya mtandio. Alikuwa anacheka kabla hadithi yake haijafika mwisho, kwa hiyo hadithi zake nyingi sikuwahi kuzijua zinaishaje.

Barua yako ikaja baada ya matanga. Ilisema wazee wamekaa, na mmeamua kunipa Sahara akae mahali pa dada yake, ili Nasra alelewe na damu ya mama yake na nyumba yetu isivunjike. Mama, mimi nimezaliwa hapo, najua maana yake. Watu hawampi mtu binti wa pili kama hawakuridhika naye kwa wa kwanza. Nimeishi huku nikiitwa majina mengi, lakini sijawahi kupewa heshima kama hiyo. Niliisoma mara ya pili.

Halafu nikaona mwandiko. Barua zako zote zinaandikwa na Sahara, na ile pia. Aliandika "tumeamua kukupa Sahara" kwa herufi zilizonyooka, kama mtu anayeandika jina la jirani. Hakukata neno. Nilitafuta mahali kalamu ilipotetemeka, sikupaona.

Siku zilizofuata kichwa changu hakikuwa kazini. Siku moja nikaongeza tabaka na nikasahau kushusha meza, nikaongeza jingine, nikasahau tena. Aliyesimamisha mashine ni Bwana Rashid, mzee wa Kipakistani tunayefanya naye kazi, Mwislamu mwenzetu, mtu wa utani mwingi. Akakipasua kile kipande kwa kisu na kunionyesha tumbo lake. Kilikuwa kimeharibika chote. Kikatupwa.

"Leo unaua ndege, Hussein," akaniambia. "Una nini? Umeoa?"

Nikamwambia, "Nimepewa mke."

"Nani kakupa?"

"Mama wa marehemu mke wangu. Amenipa mdogo wa marehemu."

Akaacha kucheka. Tukaenda mahali pa kulia chakula, akafungua kopo lake. Ndani mlikuwa na mkate na bamia. Akanisogezea. "Kula. Tafadhali kula yote."

"Na wewe?"

"Mimi bamia siipendi, tangu utoto. Mke wangu alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alifariki, wazee wakakaa, nikamwoa. Kaka ndiye aliyekuwa anapenda bamia."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mkewe miaka yote hii.

"Nimwambie nini? Anapopakua bamia huwa anatabasamu. Hata haniangalii mimi." Kisha akasema haraka, "Ni mke mwema. Amenizalia watoto, ananiombea dua. Silalamiki. Nakwambia habari ya bamia tu."

Jumamosi yake nikapiga simu kwenye duka la Mzee Noor, nikaomba uitwe wewe, ili nikwambie barua imefika na jibu linakuja. Mzee Noor akamtuma mtu nyumbani. Najua wewe unasema simu ni ya watu wenye koo la kuchungia ngamia, kwa hiyo akaja Sahara. Laini ilikuwa mbovu, sauti inakuja na kupotea. Nikasikia mtu anavuta pumzi kama aliyekuja mbio, kama Fatuma kila nilipompigia, nami nikasema, "Fatuma, upo?"

Akajibu, "Nipo."

Nikauliza, "Nasra anakula?"

Akasema, "Anakula. Usiku analala vizuri. Amepoteza jino."

Tukaendelea hivyo, Mama, maneno machache, na kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu mwenye mke. Nilifurahi kweli. Kisha nikakumbuka. Sahara naye akajua nimekumbuka. Hakusema, "Mimi ni Sahara." Alisema pole pole, "Shemeji, Mama anakusalimu," na laini ikakatika.

Shemeji, sijui kama ulimwambia Mama habari hiyo. Kama hukumwambia, nisamehe kwamba leo umeisoma kwa kinywa chako mwenyewe.

Mama, tangu siku hiyo nimejua. Nikimwoa Sahara nitamwita Fatuma, na yeye ataitika. Hatakasirika, kwa sababu mmemlea vizuri. Atakaa na chai mpaka itengeneze ngozi, kwa sababu ataona ndivyo ninavyotaka. Wote tutaona nyumba nzuri. Lakini nimeshaona ndani ya kipande kinachoonekana kizuri kwa juu, na sitaki kumfanyia hivyo mtoto wa watu, tena mtoto wako.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, Mama. Nimeliandika kwa unyenyekevu wote, na ingekuwa vyema zaidi wazee wangu waje kulisema mbele ya wazee wenu kwa adabu. Watakuja. Nimemwandikia kaka yangu wa Masalani awachukue wazee wawili, waje wakae nanyi kabla mtu yeyote mtaani hajasikia, ili pasiwe na wa kusema kwamba Sahara amekataliwa. Hakukataliwa. Aliyeshindwa ni mimi. Na kama moyo wake ulikuwa umekubali, basi namwomba radhi kwa hilo pia. Sina njia ya kujua, naye hataliandika.

Usiku mwingine najuta kabla hata ya kulituma jibu hili. Nikirudi chumbani kuna kitanda, jiko la umeme na dirisha linaloangalia ukuta. Ningeweza kusema ndiyo, akaja, nikasikia Kisomali nikifungua mlango. Sijifanyi kwamba sitaki.

Najua unachoogopa, ingawa katika barua hukukiandika. Unaogopa nitaoa huku mwanamke msiyemjua, halafu siku moja nitume watu waje wamchukue Nasra, kwa kuwa mtoto ni wa baba yake na ukoo wake, na hakuna mzee atakayesimama kunizuia. Kwa kunipa Sahara ulitaka nibaki na kamba inayonifunga kwenu. Mama yeyote angefanya hivyo.

Mama, Nasra ni wako. Wazee wangu watakuja kulisema hilo mbele ya mashahidi: atakaa kwako, atasoma hapo, ataolewa kutoka nyumba yako, na hakuna wa upande wangu atakayekuja na gari kumchukua, nikioa au nisipooa, nikiwa hai au nikifa. Nilikuwa nimeanza kuulizia shule huku kwa ajili yake. Ipo moja karibu na kiwanda, watoto wanatoka na koti jekundu, na nilikuwa nikipita nasimama. Nimeacha kupita njia hiyo. Mahitaji yake ni juu yangu kama siku zote. Ninachoomba ni kwamba anipe salamu kwenye simu kila akipoteza jino, na kwamba msimwambie baba yake alikataa kurudi.

Sahara, msomee Mama kipande hicho tena, kuanzia "Nasra ni wako." Msomee taratibu. Kisha mwache akae kimya kadiri anavyotaka, usimharakishe kwa salamu zilizobaki.

Msalimie shemeji yangu Abdi aliyeko na ng'ombe Ijara, mwambie nimesikia malisho yamerudi na nimefurahi. Msalimie Mzee Bare, ami yetu, na utani wake. Msalimie Mzee Noor wa duka na mkewe aliyemwosha Fatuma. Huyo nina deni la dua kwake mpaka nife. Mama mdogo wa Nasra, habaryar wake, msalimie kwa jina lake mwenyewe: Sahara.

Mama, mimi na wewe hatujawahi kukaa uso kwa uso, heshima ilituwekea pazia. Kwa hiyo sikuwahi kukwambia asante kwa Fatuma. Nakwambia sasa, katika barua ambamo nakunyima ulichoomba. Kama utanikasirikia, nikasirikie, lakini uendelee kuniita mkwe.

Mimi mwanao,
Hussein, baba wa Nasra