Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, na kama utataka kunitukana nisome kwanza mpaka mwisho, maana matusi nimeshajitukana mwenyewe ya kutosha na hayajanisaidia kitu.

Mimi ni fundi magari, huu mwaka wa ishirini na mbili, na gereji nzima wananiita Daktari wa Gia, jina ambalo zamani nilikuwa nikiitwa naitika kifua mbele na siku hizi nikiitwa natazama chini. Mke wangu ana pikapu ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, mzee aliyekuwa na watoto wawili wa kiume lakini funguo akampa binti yake akisema, "Huyu ndiye anayejua kuisikiliza," na kwa pikapu hiyo mke wangu husambaza mayai madukani, ndiyo kazi yake na ndiyo furaha yake. Sasa gia ya tatu ikaanza kuruka, ukiiweka inajitoa yenyewe, mama wa watu akawa anaendesha mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kaing'ang'ania gia isitoke, nikamwambia usihangaike, mimi nipo, nitakubadilishia giaboksi nzima, na kweli nikapata ya mtumba iliyo nzuri na Jumamosi moja asubuhi nikaingia chini ya gari hapo hapo uani kwetu.

Naomba nikueleze jambo moja la kazi yetu ili unielewe. Giaboksi ya mtumba huja kavu, muuzaji anakuwa ameshamwaga mafuta yake, na sisi hatutii mapya mpaka iwe imepanda na kufungwa, la sivyo yatakumwagikia usoni ukiwa unaiinua, kwa hiyo pale gereji tuna desturi kwamba gari likiwa halijatiwa mafuta tunafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na anayekifungua ni yule aliyekwisha kutia mafuta, hakuna mwingine. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Na siku hiyo nilikifunga, naapa.

Basi nimekaza nati ya mwisho, natoka chini ya gari, namwona mama mkwe anaingia getini, kaja kuiona pikapu ya marehemu mumewe, na mimi grisi mpaka kwenye viwiko, nitampaje mama mkwe mkono wa namna ile, nikapenyeza mkono dirishani nikavuta kitambaa kilichokuwa karibu, nikajifuta haraka haraka, nikampa mkono, "Shikamoo mama," akaitikia, akalizunguka gari akilipapasa, akanisifu mbele ya mwanawe mpaka nikajiona nimeota mbawa, tukaingia ndani tukala. Niliporudi uani nikatazama usukani, hauna kitambaa, moyo ukatulia, nikampa mke wangu funguo.

Siku ya pili akaniambia, "Baba watoto, gari linalia kwa chini, kama mtu anasaga meno." Nikamjibu, "Hiyo ni ngeni, inajizoeza." Siku ya nne likagoma kwenye mlima wa kwenda sokoni, gia zimeshikana, nikaenda na mashemeji zangu wawili, nikafungua propela ili magurudumu yazunguke, tukalikokota mpaka nyumbani, nikaingia chini, nikafungua nati ya kujazia mafuta nikatia kidole, na kidole kikatoka kikavu, kina unga wa chuma tu. Mshauri, pale pale chini nikakikumbuka kile kitambaa. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji mkubwa akainama akauliza, "Vipi Daktari, imekuwaje?" na mdomo wangu ukanitangulia: "Mguu wa dada yenu huo. Klachi haikanyagwi vile, nimemwambia mara ngapi?" Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo na trei ya mayai mkononi. Kaka zake walipoondoka akanifuata akaniambia, "Nisamehe, baba watoto. Umejichosha bure kwa ajili yangu." Aliniomba msamaha mimi! Nikamwambia yamekwisha. Naona aibu hata kuyaandika maneno hayo, lakini ndivyo nilivyosema, yamekwisha, kama vile mimi ndiye niliyekosewa.

Wiki tatu zimepita na dumu la mafuta niliyoinunulia giaboksi ile liko nyuma ya banda la kuku, halijafunguliwa, nimelifunika kwa gunia. Mke wangu hajashika usukani tena, anapeleka mayai kwa mkokoteni wa kukodi, wenzangu gereji, niliowasimulia uongo ule ule, wamembatiza jina la Mama Klachi na mimi sijamkanya hata mmoja, na juzi nimemsikia akimwambia mama yake kwamba kaka zake waje Jumapili waichukue pikapu, eti, "Baba alikosea kunipa mimi." Nimewaza nitafute giaboksi nyingine niifunge kimya kimya, au niseme ile ya mtumba ilikuja mbovu, muuzaji mwenyewe hatujuani, kwa sababu nikisema ukweli mashemeji watanidharau, mama mkwe atanionaje, na huko gereji nitakuwa daktari wa nini tena? Nifanyeje, mshauri?

Ni mimi,
Daktari wa Gia

*

Daktari,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Sasa ni zamu yangu.

Kusahau mafuta si dhambi. Ulisahau kwa sababu hukutaka kumpa mama mkwe mkono mchafu, na hapo nakuonea huruma, maana wakwe wenye adabu hiyo siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Kama ungesema pale pale, "Jamani, nimesahau mafuta," wangekucheka mwezi mmoja na ungekuwa umeshapona. Lakini wewe grisi uliifuta kwa kitambaa, na kosa ukalifuta kwa mkeo.

Mimi gari nalijua kwa kulipanda tu. Hata hivyo barua yako nimeisoma mara mbili, na humo ndani namwona mtu mmoja tu aliyelisikia gari likilia siku ya pili, akaja akakwambia, na mtu huyo si daktari. Ungeinama dakika tano ungeona. Ulimjibu nini? Inajizoeza! Mzee hakukosea hata kidogo alivyogawa funguo zake. Na nikuulize jingine: mtu anayepakia trei za mayai kwenye pikapu chakavu, akapita nazo kwenye mashimo, akazifikisha dukani nzima wiki baada ya wiki, mguu wake una kasoro gani? Jaribu wewe na trei moja.

Hizo njia zako mbili zitupe. Muuza vipuri naye ana jina lake na watu wake, hujatosheka na mmoja uliyemsingizia? Na hiyo ya kimya kimya ni mbaya zaidi, maana gari litapona na mkeo atabaki na ugonjwa, ataendesha miaka yote akiamini aliiua giaboksi ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumapili. Unaogopa kudharauliwa? Utadharauliwa, sikufichi. Kwa wiki tatu aibu hiyo anaibeba mwenzako, naye hata haijui ni ya nani.

Usingoje Jumapili. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti hili, mwite mkeo, mwende wawili nyuma ya banda la kuku, uondoe hilo gunia. Usianze na "unajua" wala usimalizie na "lakini". Mwambie hukutia mafuta, kwamba uligundua siku ile ile gari lilipogoma, na kwamba ulimsingizia. Kisha nyamaza. Akilia, akikufokea, akikaa siku tatu bila kukusemesha, vumilia, ni haki yake. Jumapili wakija kaka zake, dumu liwe mezani na maneno yawe yale yale, mbele yao na mbele ya mama mkwe, kwa sababu ulimwaibisha mbele za watu na huwezi kumsafisha chumbani. Jumatatu uende ukayarudie gereji. Wa kwanza kutaja Mama Klachi, mwambie hilo jina ni la kwako.

Pikapu isitoke uani, labda yeye mwenyewe aseme itoke baada ya kuujua ukweli. Giaboksi nyingine utaifunga wewe, nani mwingine? Ikishapanda, funga kitambaa chako chekundu kwenye usukani, halafu mkabidhi mkeo lile dumu. Atie mafuta kwa mkono wake mpaka ayaone yamejaa hadi kwenye tundu la kujazia, na kitambaa akifungue yeye. Wewe kaa kiti cha abiria. Na siku akikwambia gari linalia, mwambie asimame, ushuke, ulale chini ukatazame.