Chambo si Uongo

Kambi ya manamba, nyuma ya Mingoyo,
Jumapili ya Matawi, masika ya pili tangu tuagane.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia marahaba mbele ya watu, usitetemeke. Maiti hawaandiki barua. Mimi mdogo wako ni mzima, ila jicho la kushoto limeharibika, lilichomwa na mwiba wa mkonge. La kulia linatosha kukuandikia. Bahasha ya barua hii sikuibandika. Nimemwomba aliyeileta ampe mwalimu wa misheni aisome kwa sauti baada ya sala, mama akiwapo, Somoe akiwapo, na wewe ukiwa umekaa benchi la mbele kama unavyopenda.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitega kanga, kule juu ya bonde la baba? Nilikuwa sijaanza shule. Ulinibeba mgongoni kwa sababu ya umande, ukanishusha penye uwazi, ukanipa mfuko wa mtama niumwage. Nikakuuliza, "Kaka, tanzi liko wapi?" Ukacheka. "Leo hakuna tanzi. Leo wanakula tu."

Kesho yake tukaenda tena, tukamwaga tena, hatukutega. Kanga wakaja, wakala, wakaondoka wanene. Mimi nikaona umekuwa mjinga, unawalisha ndege mtama wa mama. Nikasema, "Wanatumalizia." Ukachota punje kidogo ukanitia mdomoni. "Onja. Mtama au si mtama?" Nikasema ni mtama. "Basi na wao wanajua ni mtama. Waache wazoee."

Kila asubuhi nikawa nakuuliza leo ni siku ya ngapi, nawe unanijibu, "Bado." Mpaka asubuhi moja ukatoa tanzi kwenye mkoba, ukalifukia chini ya mtama uleule, na yule jike mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kuja siku zote, akawa wa kwanza kuning'inia. Nililia. Ukaniambia, "Ukimhurumia kanga utakula majani." Jioni ulinipa paja. Nilikula, kaka. Lilikuwa tamu.

Baba alipokufa alituachia bonde. Wewe alikupa sehemu ya juu, mimi akanipa ya chini, penye chemchemi isiyokauka. Watu wote wa huko wanajua, na wanaosikiliza barua hii wanajua. Mwaka ule ulikuwa mwema kwangu kuliko wakati wowote tangu tuzaliwe. Nilipolala na homa ulinilimia shamba lote, hukuomba hata pombe. Paa langu lilipovuja ulipanda mwenyewe, ukaezeka upya. Ulipoua nguruwe mwitu ulimletea Somoe mguu mzima, ukamtania, "Shemeji, mpe huyo mumeo ale, amekonda kama mpini." Somoe akacheka mpaka akaketi chini. Nami nikamwambia, "Mungu amenichukulia baba, amenipa kaka."

Kisha ukaja na habari ya kodi. Ukasema Bwana DC hasikilizi kilio, na huku pwani kwenye mkonge kuna kazi, posho ya unga kila wiki, na madukani Lindi kuna mabati. Twende wote wawili, turudi na mabati. Tulitembea siku nyingi, ukinibebea mzigo kila nilipochoka. Tulipofika Mingoyo kwa mwandikaji wa manamba palikuwa na msururu mrefu. Ukaniambia, "Nipe rozari yako nikutunzie, kambini wanaiba." Nikakupa. Ukaniambia, "Tangulia, mimi niko nyuma yako."

Nikatangulia. Mimi ninayejua kusoma nikaandika jina langu vizuri, kwa madaha, mwandikaji akanisifu mwandiko. Nilipogeuka nikupishe, nyuma yangu alikuwa amesimama Mngoni mmoja mrefu. Nikamuuliza, "Kaka yangu yuko wapi?" Akasema, "Yule aliyekuwa anakushika bega? Amekwenda kunywa maji." Nyapara akatuhesabu akatufungia ndani ya ua. Baadaye nilisikia aliyeandika jina akitoroka hukamatwa na kutiwa ndani. Sikutoroka. Nilikaa karibu na lango nikikungoja, chakula changu nimekigawa nusu ili ukifika usilale na njaa.

Miezi ile ya kwanza nilikutafutia sababu. Umeumwa. Umekosea njia. Umeandikwa shamba lingine. Nikikata majani ya mkonge nilikuwa nayarudia maneno yako moja moja, nitafute lililokuwa la uongo nikukasirikie vizuri. Sikulipata. Kazi ipo. Posho ipo. Mabati yapo, nimeyaona kwa macho yangu. Kambini wanaiba, blanketi langu la kwanza liliibwa. Na nyuma yangu ulikuwapo kweli, mkono wako ulikuwa begani mwangu.

Vipande vyangu vya siku za kazi vilijaa baada ya Noeli, nikawa natayarisha mzigo wa kurudi. Siku hiyohiyo wakaletwa manamba wapya, na kati yao Saidi, mtoto wa mfua vyuma wa kwetu. Aliponiona aliangusha sufuria.

"Wewe!" akasema. "Wewe si tulikufanyia matanga?"

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Na pilau mlikula?"

"Tulikula," akasema, na hakucheka. "Mama yako alinyolewa nywele. Yeye na Somoe walivaa kaniki za msiba."

Nikamuuliza ni nani aliyesema nimekufa. Saidi alifikiri sana, maana ni kijana wa haki. Akasema, "Hakuna aliyesema. Kaka yako alirudi peke yake. Hakusema neno. Aliiweka rozari yako mbele ya mama, akapiga magoti, akalia. Wengine wote tukaanza kulia. Na machozi yake yalikuwa ya kweli, nilimwona kwa karibu."

Saidi ndiye aliyeniambia na yaliyobaki: kwamba matanga yalipoisha ulimrithi Somoe, na sasa analima bonde la chini, penye chemchemi, kwa jina lako.

Siku ile ningeondoka ningefika na panga, na sasa hivi serikali ya Mwingereza ingekuwa imekwisha kuninyonga, nawe ungekuwa marehemu mwema aliyeuawa na mdogo wake mwehu. Nikaona hiyo ni zawadi kubwa mno kwako. Nikarudi kwa mwandikaji, nikaandika jina tena. Safari hii hakuna aliyenishika bega.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopata dawa yangu. Kila baada ya muda huja padri kutusalisha, chini ya kamba za kuanikia katani. Jumapili moja alisoma habari ya Nathanaeli, yule ambaye Bwana Yesu alimsifu kuwa hana hila. Akasema Injili iliandikwa Kiyunani, na neno la hila katika Kiyunani ni *dolos*. Wayunani wa kale sana, akasema, neno hilohilo walilitumia kwa chambo, kile anachokitia mvuvi kwenye ndoana.

Yupo huku mvuvi mmoja wa Sudi, Bakari. Ni Mwislamu, lakini Jumapili huja kukaa nasi kwa sababu kambini hakuna kingine cha kutazama. Akainua mkono.

"Padri, samahani. Chambo si uongo. Mimi natia dagaa mzima, mbichi, hata wewe ungemla."

Watu wakacheka. Nyapara akamkaripia, "Bakari, hii si baraza ya kahawa!" Padri akamzuia nyapara. Akamtazama Bakari, akasema, "Ndiyo maana samaki anakuja. Uongo mtupu ungemnukia akakimbia. Hila huwa na chakula cha kweli juu yake."

Mimi sikucheka wala sikusali. Nilihisi punje za mtama mdomoni, na kidole chako kinanuka moshi. Mtama au si mtama? Nikafahamu kwa nini sikuupata uongo wako. Nilikuwa nautafuta ndani ya mtama.

Padri alipokwisha nilimfuata nikamuuliza, "Na samaki akiponyoka, padri, anafanya nini?" Akasema samehe. Nikamwambia nitasamehe. Sikumdanganya, kaka. Nimekusamehe, na ndiyo habari mbaya ninayokuletea.

Aliyeleta barua hii ana kanzu yako. Ivae leo. Ni kitambaa kizuri, nimekichagua mwenyewe Lindi, nikamwonyesha fundi kwa mikono yangu upana wa mabega yako. Hakuna kitu ndani yake, hakuna dawa, hakuna laana. Mpe hata mama aikague.

Nitakapokuja sitakudai bonde mbele ya jumbe. Lima tu. Somoe sitamuuliza kitu, alikula alichopewa kama mimi nilivyokula. Akitaka kurudi kwangu atasema mwenyewe, na asiposema nitamwita shemeji na kumtania kama ulivyokuwa unamtania wewe. Nitakuezekea paa. Ukilala na homa nitakulimia, sitaomba pombe. Nikiua mnyama, mguu ni wako. Watu watasema tazameni ndugu wale, wamezaliwa tumbo moja kweli. Hutakuwa na neno la kuwajibu, kwa sababu kila nitakachokupa kitakuwa cha kweli, hata ukionja.

Nawe utakula, kaka. Utakula miaka mingi, pengine mpaka uzee, na kila asubuhi ukiniona naja kwako na kitu mkononi utataka kuniuliza leo ni siku ya ngapi.

Sitakujibu. Pengine hata mimi sitajua.

Mama usilie, mwanao yu hai. Zifue zile kaniki, uzikunje, uziweke.

Kaka, vipande vyangu vinajaa mvua zikikatika. Nitafika wakati mnavuna mpunga wa bonde la chini. Usije kunipokea njiani, njia naijua. Kaa nyumbani, vaa kanzu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
uliyeniwekea rozari.