Kofia Nyekundu Kule Juu

Nyumbani, 3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baba yako hajambo, mgongo tu unamsumbua na hataki kuambiwa. Bibi yako mzima. Meno yamekwisha, maneno yamebaki. Kaka yako na mkewe wazima, mtoto wao ameanza kutambaa, anakula udongo. Hata jirani wa cherehani anakusalimu. Wewe je, u mzima?

Sasa niambie. Shangazi yako kaja na habari kwamba umeacha chuo mwaka wa pili, eti unapanda minara ya umeme wa upepo kama kima. Nikamwambia, "Wifi, umemfananisha." Akacheka. Mimi niliishia darasa la nne, mwanangu. Nilitaka nikuone na joho kabla sijafa. Niandikie kwamba ni uongo.

Mama yako

Kazini, 20 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Baba na Bibi nawaamkia. Mimi mzima, ila mikono imeota sugu.

Shangazi hakukosea, ingawa kima hafungwi kamba mbili kiunoni. Nilisoma kozi ya miezi sita, nina cheti, na kampuni kila siku inatafuta mafundi na hawatoshi. Chuoni nilikuwa nakariri tu nisichokipenda. Digrii siidharau, Mama. Aliyebuni mnara huu anayo. Siku nikijua naitakia nini, nitaifuata. Usinihukumu kwa mdomo wa Shangazi. Njoo uone.

Binti yako

Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu,

Nimefika salama. Wote wanakusalimu, leo siwataji mmoja mmoja, mkono una haraka.

Sikukwambia: nilikuja nimekata tiketi mbili za kurudi, yangu na yako. Maneno ya kukubeba nayo niliyapanga njia nzima. Nikafika chini ya mnara, nikainua shingo mpaka kilemba kikaanguka. Yale mabawa ya mnara yalipita juu yangu, kivuli chake kinafagia kilima kizima, yanapumua kama jitu lililolala. Nikamwuliza msimamizi wako, "Binti yangu yuko wapi?"

Akanyoosha kidole angani. "Yumo mle juu, mama. Subiri, anayasimamisha mabawa."

Na kweli yakaanza kupunguza mwendo, pole pole, yakasimama. Kilima kikanyamaza. Nikasikia ndege. Halafu kofia nyekundu, ndogo kama punje, ikachomoza juu kabisa, ikanipungia mkono. Wewe! Niliyekuchapa kwa kupanda mti wa jirani! Nikakaa kwenye majani. Kinachosukumwa na upepo wa Mungu, mwanangu kakiambia simama, kikasimama.

Uliposhuka ukaninywesha chai, na yale maneno yangu sikuyaona yalikokwenda. Joho bado nalitaka, usijidanganye, likichelewa lichelewe. Kwenye basi kiti chako nilikiwekea kikapu. Kondakta akauliza, "Mama, abiria wako yuko wapi?"

Nikamjibu, "Yuko kazini." Nikaona raha kulisema.

Baba yako nimemweleza yote. Kasikiliza, kisha kauliza kamba zile hukaguliwa na nani, na kila baada ya muda gani. Nijibu upesi, mwanangu. Anasema ni yeye anayetaka kujua, lakini hatulali sote.

Mama yako