Taa ya Kushoto Haitaki Kuzima

Halifax, 2 Aprili 2012

Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye mvua yetu. Goti lako je? Na wazee wenzako hapo nyumba ya wazee, bado mnagombania dirisha la upande wa bahari? Mimi mzima, ila mdomo umevimba. Nitakueleza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, zote kwa hasira. Eti Bwana Sugden, huyo mnunuzi wako, atakuja na trela tarehe 28 kulichukua gari lako, kwa sababu mimi "nitaliozesha chini ya turubai". Baba! Tangu Mama afariki, miaka kumi na minne, nani amelifuta vumbi? Hilo ndilo gari la michezo alilopanda siku ya harusi yenu. Tatizo ni vidude vya kwenye usukani tu: indiketa imekufa, na honi inapiga kelele yenyewe nikikata kona. Niachie nitengeneze mwenyewe. Nikiweza, liwe langu.

Jana nilianza. Nilivuta usukani ukagoma, nikavuta kwa nguvu zote, ukachomoka ukanipiga mdomoni. Usicheke.

Binti yako,
Lorna

Bridlington, 6 Aprili

Lorna mwanangu,

Goti linauma, kwa hiyo bado niko hai. Nimecheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani nakata roho.

Nati, mwanangu, nati! Usiitoe yote. Ilegeze, iache imeshika kidogo, ndipo uvute. Usukani ukichomoka utagonga nati badala ya meno. Kwenye karakana nilikofanya kazi kila mgeni alipigwa mdomo siku ya kwanza, na asiye na kovu hatukumhesabu kuwa fundi.

Haya, nafasi umepata. Sharti: kabla ya tarehe 28 uje na gari hadi hapa, unaendesha wewe, na indiketa iwake na izime yenyewe, kulia na kushoto. Nitakuwa dirishani. Hakuna kuita fundi. Ukishindwa, Sugden analichukua. Nikwambie ukweli, sidhani kama utaweza. Hii si kazi ya kupaka ukuta rangi.

Chomoa waya wa betri kwanza. Na tandika taulo, maana ndani ya swichi ya indiketa kuna gololi ndogo kama punje ya pilipili manga. Itaruka hiyo.

Baba yako,
Clifford

Halifax, 14 Aprili

Baba,

Hujambo? Umekula vizuri Pasaka?

Gololi iliruka. Ikaruka hata hilo taulo. Nimeitafuta siku mbili kwa magoti na sumaku, kumbe iko ndani ya kikombe changu cha chai, nusura niimeze. Honi nimeiweza: waya ulichunika, ukawa unagusa chuma. Swichi nimeisugua hadi shaba inang'aa, na taa zinawaka.

Lakini kuzima! Ya kulia inazima kabla sijamaliza kona. Ya kushoto haizimi kabisa. Nimefungua na kufunga mara nne. Jirani yangu Bi. Priestley ananiuliza, "We Lorna, mbona tangu kwangu hadi kanisani unasema unakwenda kushoto, na huendi?"

Leo nimelia humo humo garini. Si kwa ajili ya taa tu. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliomba unipeleke karakana, ukasema mikono yangu ni ya kupiga piano. Piano yenyewe hatukuwa nayo! Miaka ishirini na nane imepita, bado inaniuma. Labda ulisema kweli. Mwite Sugden.

Lorna

Bridlington, 17 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye. Mtaa wenu ni mlima. Ulipoegesha gari, si uligeuza magurudumu yaegemee ukingo wa barabara?

Najua uligeuza, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Breki ikikatika, gari lisimfuate mtu bondeni. Mtoto wa Halifax hujifunza hilo kabla ya kufunga kamba za viatu. Sasa sikiliza. Ile pete ya chini ya usukani, inayozima taa, ina nundu, na nundu lazima iitazame swichi magurudumu yakiwa yamenyooka. Wewe umeifunga yakiwa yamepinda! Teremsha gari hadi tambarare, nyoosha magurudumu, funga upya. Kazi yako safi. Kosa ni la somo langu.

Na la piano pia ni kosa langu. Niliona aibu, wenzangu wangenicheka kwa kumleta binti. Nikasingizia mikono yako. Nisamehe.

Sharti liko palepale. Na usinitajie tena Sugden.

Baba

Bridlington, 29 Aprili

Kwa fundi Lorna,

Natumai ulirudi nyumbani salama, na mvua haikupenya turubai la juu.

Siku kumi bila barua! Nilijua umeniweka kiporo, au umekata tamaa. Ijumaa, siku yako ya mwisho, nilikaa dirishani tangu asubuhi. Wakaniita nikale samaki na viazi, nikakataa, mimi! Saa nane mchana nikasikia honi. Taa ya kushoto ikapepesa, ukaingia getini, usukani ukarudi, taa ikazima yenyewe. Nilipiga kelele mpaka chai ya watu ikamwagika.

Miaka miwili nilikuwa sijatoka humu. Ukanipeleka ufukweni, na kile kiplefti ukakizunguka mara tatu kwa maringo tu. Kila ulipotoka kwenye kona nilisikia swichi ikirudi, tak. Mama yako angefurahi sana.

Sugden alipiga simu jana. Kwa kuwa mimi sisikii vizuri kwenye simu, muuguzi alinisemea: gari lina mwenyewe. Cheti cha gari kimo ndani ya bahasha hii. Penye jina la mmiliki nimeandika lako.

Jumapili ijayo njoo na spana. Mzee Norris ana kiti cha magurudumu kinachovuta upande, na nimeshamwambia binti yangu ni fundi. Na huo mdomo, kovu likibaki, usilifiche. Nimekuhesabu.

Baba yako, abiria wako,
Clifford